Kila chakula na saa yake: kula nje na kupika nyumbani Dar es Salaam

Mtu akiniuliza wapi pa kula vizuri Dar es Salaam, nami humuuliza kwanza: saa ngapi? Benchi lile lile linalotoa supu nzito saa 1 asubuhi, ikifika saa 5 linakupa maji yaliyoongezwa juu ya mifupa iliyokwisha kazi. Samaki aliyetoka kwenye karai saa 6 mchana kwa mama lishe ni raha tupu. Yule yule ukimkuta saa 11 jioni, amekauka ndani ya kabati la kioo, ni wa kuvumilia tu.

Nimekulia Buguruni, mama yangu akipika vitumbua vya kuuza. Sasa naishi Tabata na kazi yangu iko eneo la Posta, mjini, kwa hiyo katikati ya wiki nakula nje, Jumamosi na Jumapili napika mwenyewe. Yote mawili nayapenda kweli kweli. Kuna vyakula vinavyotaka moto mkubwa, chungu kikubwa na watu wengi wa kuvimaliza: hivyo kula nje. Na kuna vyakula vinavyotaka mtu asiye na haraka, hasa vya nazi: hivyo pika mwenyewe, kwa sababu hoteli yenye foleni mlangoni haina muda wa kukukunia nazi.

Asubuhi

Kitumbua kiliwe kingali moto. Mchele huloweshwa, ukasagwa, ukachanganywa na tui, sukari, iliki na hamira, kisha ukaachwa uumuke, na mpishi anaamka alfajiri wengine tumelala. Kizuri kina vitobo vitobo ndani na ukingo uliokauka kidogo. Kikikaa kwenye ndoo iliyofunikwa hunyonya mvuke wake chenyewe na kulegea. Kwa hiyo nunua kwa mama ambaye jiko lake liko pale pale mbele yako, kati ya saa 12 na saa 2, wala usimharakishe kugeuza. Kama kwenu mko wachache, sioni haja ya kuvipika nyumbani. Ni kazi kubwa kwa sahani moja, na jirani yako anavipika kila siku kwa mkono uliozoea.

Supu nayo ni ya nje. Supu ya kongoro au ya mbuzi hupata uzito kwa kuchemka saa nyingi na mifupa mingi, na hakuna sufuria ya nyumbani itakayofikia hapo bila kumaliza gesi. Upande wetu wa Tabata tuna bahati ya kuwa karibu na machinjio ya Vingunguti, kwa hiyo mabenchi ya huko hupata nyama mapema. Popote ulipo, angalia mambo mawili. Sufuria iwe inachemka, si ya vuguvugu. Na muuzaji akate nyama mbele yako, akuulize unataka mnofu au mfupa. Omba ndimu, omba pilipili, agiza chapati mbili, na ukiona mchuzi umepungua mwambie tu, "Kaka, niongezee supu." Huongeza bila malipo, ni desturi. Baada ya saa 4 mimi siagizi supu tena.

Mchana kwa mama lishe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona watu wengi wanaogopa vibanda vya mama lishe na wengine wanaviingia bila kutazama, na wote wanakosa.

Kibanda kizuri utakitambua kwa wateja wake. Tafuta palipo na mafundi gereji, wabeba mizigo, madereva na makondakta wa daladala. Hawa wanafanya kazi nzito, pesa yao ni ya jasho, na hawarudi mahali walipopunjwa. Kisha tazama vyombo vinavyooshwa. Pawe na beseni zaidi ya moja, moja la sabuni na jingine la kusuuza, na maji yabadilishwe. Tazama kama sufuria zina mifuniko, na kama kuna ndoo ya bomba na sabuni ya kunawa mikono. Ukiyaona hayo, kaa kwa amani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji machafu yanapotapakaa mitaani, mimi huongeza sharti moja: kachumbari na matunda yaliyokatwa naviacha, nakula kilichotoka motoni tu.

Fika kati ya saa 6 na saa 7. Ukifika mapema mno wali bado haujaiva, ukichelewa utakuta maharage peke yake. Salimia kabla ya kuagiza. Kama ni mama mtu mzima, "Shikamoo mama", kisha, "Leo kuna mboga gani?" Usianze na bei. Mpishi aliyesalimiwa vizuri atakwambia ukweli: kwamba nyama ya leo ni ngumu, chukua samaki, au kwamba kisamvu kimetiwa karanga asubuhi hii. Ushauri huo hauandikwi kwenye ubao wowote.

Kwangu kipimo cha mama lishe ni maharage. Nyama na samaki mtu anaweza kununua vizuri akapata sifa, lakini maharage ni mkono. Yawe yamechemka hadi yamelainika bila kupasuka ovyo, yaungwe kwa kitunguu kilichoiva vizuri kwenye mafuta, na mchuzi wake ushike wali badala ya kukimbilia ukingo wa sahani. Akiweza maharage, mwamini na kila kitu kingine.

Na kwa kijana anayeishi peke yake chumba kimoja, nasema wazi: mchana kula kwa mama lishe. Ukijumlisha gesi, mafuta, nyanya zinazooza na muda, kumpikia mtu mmoja wali, maharage, mchicha na kipande cha samaki kunagharimu zaidi ya sahani ya mama lishe. Hesabu hugeuka mkiwa familia.

Ijumaa ni siku ya pilau na biriani, hasa maeneo ya Kariakoo na Kisutu. Nenda kabla swala haijatoka au subiri hadi saa 8, kwa maana katikati hapo hupati hata pa kusimama. Mwezi wa Ramadhani nao hubadilisha ratiba yote: vibanda vingi hulala mchana, halafu kuanzia saa 10 jioni meza za futari zinajaa kaimati, magimbi, mihogo na uji wa pilipili manga. Hata kama hufungi, kanunue. Huo ndio mwezi ambao kaimati hupikwa kwa moyo wote.

Jioni

Chipsi mayai usipike nyumbani. Raha yake iko kwenye karai kubwa lenye mafuta mengi ya moto mkali, na mwenye banda aliyekwisha kuvunja mayai maelfu. Cha kuangalia ni mafuta. Yakiwa meusi na yanatoa moshi kabla viazi havijaingia, ondoka. Yakiwa ya dhahabu, mwombe akukaangie viazi upya badala ya kuchota vile vilivyolala kabatini, kisha subiri. Zege, yaani hiyo chipsi mayai, likigeuzwa mara moja tu, likapata rangi chini na juu, na ndani mayai yakabaki laini, hakuna cha kuongeza isipokuwa kachumbari.

Mishkaki nayo hivyo hivyo, moto wa mkaa na mtu wa kupepea. Wengi hulainisha nyama kwa papai bichi lililosagwa, kwani papai bichi lina kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama. Likizidi, nyama inakuwa kama uji mdomoni. Kwa hiyo anza na mshikaki mmoja. Ukiuma ukakuta nyama bado ina ukinzani kidogo na mafuta yameungua pembeni, agiza mingine na ndizi za kuchoma.

Pweza ndiye ninayemtetea kuliko wote. Jua linapozama, wauzaji wanatoka na meza zao ndogo: mikono ya pweza iliyochemshwa, kisu, vijiti, bakuli la pilipili, na sufuria ya supu yake. Unasimama, unachagua kipande, anakikatakata, unachoma kwa kijiti. Wasiomjua hudhani ni mgumu. Aliyepigwa na kuchemshwa vizuri hukatika kwa meno bila kuvuta. Supu yake kikombe kimoja inatosha, ina chumvi ya bahari na tangawizi, na mimi huinywa nikiwa nasubiri foleni ya daladala ipungue. Siku hiyo mlo mzito wa usiku siutaki tena.

Coco Beach nenda Jumapili alasiri kwa ajili ya mihogo, ya kukaanga au ya kuchoma, na chachandu juu. Usiende ukiwa na njaa kali, kwa sababu mihogo mizuri hutoka kwa awamu na lazima usubiri awamu yako. Urojo unywe pale tu unapoona bagia zinakaangwa papo hapo, la sivyo utapewa za asubuhi zilizolowana.

Kuhusu hoteli za kukaa mezani, za Masaki, Msasani au ufukweni Kigamboni, nina neno moja tu. Ukitaka samaki mzima, omba umwone kabla hajapikwa na mkubaliane bei akiwa mbichi. Si utovu wa adabu, ndivyo wenyeji wanavyofanya. Piga simu saa moja kabla ili usikae unatafuna mkate. Vingine vilivyoandikwa kwenye orodha yao, wali wa nazi ukiwemo, viache. Huo utaula nyumbani kwako.

Jumamosi: Feri kwanza

Kupika samaki wa nazi kunaanza kwenye soko la samaki la Feri, pale Magogoni karibu na kivuko cha Kigamboni. Fika saa 12 na nusu au saa 1. Vyombo vilivyolala baharini vinashusha, madalali wananadi, na wachuuzi na mama wa samaki wa kukaanga wanachukua mizigo mikubwa. Usijitupe mnadani siku ya kwanza. Simama, sikiliza bei inapofika, kisha nenda kwenye meza za rejareja ukijua hesabu. Au ungana na watu wawili mnunue fungu mgawane. Nimewahi kugawana na watu nisiowajua na tukaachana kwa furaha.

Macho ya samaki yawe yametuna na maangavu. Fungua mashavu, ndani pawe pekundu. Bonyeza mgongoni, nyama irudi. Harufu iwe ya bahari. Usiogope kushika, mwenye meza amezoea. Kwa mchuzi wa nazi chukua changu au kolekole, nyama yake haivunjiki hovyo. Tasi ni wa kukaanga. Kibua ni wa mkaa na ndimu, na ni rafiki wa mfuko. Jodari mchukue tu ukimwona kwenye barafu: jodari au kibua aliyepigwa jua hujenga sumu inayowasha mwili na kuufanya uso mwekundu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa hata ukimkaanga mpaka akauke.

Majira nayo yana neno. Wavuvi wa dagaa huvutia samaki kwa taa, wanahitaji giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hupungua na bei hupanda. Kusi linapovuma sana katikati ya mwaka vyombo vidogo haviendi mbali, usishangae meza kuwa chache. Siku kama hiyo sibishani na bahari, nanunua dagaa wakavu na kuwatia nazi, na nyumbani hakuna anayelalamika.

Vijana wa kupaa magamba wako pale pale, walipe wakutolee na matumbo. Kichwa usikiache. Nenda na ndoo yenye mfuniko na omba barafu, maana joto la Dar halina subira.

Nazi

Kwa watu watano, nachukua changu wawili wa kama nusu kilo kila mmoja, nusu kilo ya mchele na nazi 2 kubwa, moja ya wali na moja ya mchuzi. Nazi itikise sikioni: maji yasikike, na iwe nzito mkononi. Macho yake yawe makavu. Ikiwa na unyevu machoni imeanza kuharibika. Usikubali koroma, tui lake ni jepesi. Ukiweza kupata nazi za Mafia au Mkuranga zilizoshushwa wiki hiyo, umepata.

Ikune kwa kibao cha mbuzi, taratibu, na ukianza kuona rangi ya kahawia karibu na kifuu acha, hamia sehemu nyingine. Nazi ya mchuzi ianze na kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu. Kanda kwa mkono, kamua, chuja: hilo ni tui zito, liweke kando peke yake. Rudia mara mbili kwa vikombe 2 vya maji kila mara upate tui jepesi. Nazi ya wali kamua yote kwa pamoja hadi upate lita 1. Blenda inafanya kazi upesi, na mwenye haraka aitumie, ila achuje kwa kitambaa, si kwa chujio la chai, kwani chenga zake huharibu mchuzi. La pakti silipendi. Halikatiki, ni kweli, lakini halina harufu.

Mchuzi

Chanja samaki, mpake chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, mwache nusu saa, kisha mkaange hadi ngozi ishike. Asiive kabisa, ataivia kwenye mchuzi. Kwenye sufuria nyingine kaanga kitunguu maji, tia nyanya 3 zilizokunwa, manjano kijiko 1 cha chai na binzari nyembamba kidogo, ukae nayo hadi mafuta yajitenge na nyanya. Mimina tui jepesi, tia bamia chache na pilipili mbuzi nzima usiyoikata. Mchuzi uchemke wazi, bila kufunika, hadi upungue karibu nusu. Hapo tia maji ya ukwaju.

Ukwaju uingie sasa, si mwisho. Tui zito likikutana na ukali na moto mkali kwa wakati mmoja hukatika, mafuta yanaelea na maji yanabaki chini. Kwa hiyo: ukwaju kwenye tui jepesi, uchemke kidogo, punguza moto, panga samaki, ndipo umimine tui zito. Koroga upande mmoja kwa upawa bila kuacha, ukizunguka samaki usimvunje. Ukiona mapovu madogo pembeni na mchuzi umeshika mgongo wa upawa, epua.

Wali

Mchele wangu ni wa Kyela kwa sababu ya harufu yake. Uchague kwenye ungo, uoshe hadi maji yatoke meupe kidogo tu. Chemsha lita ile ya tui na chumvi, ukikoroga, na likianza kuchemka tia mchele. Kama ni mchele mpya wa mavuno ya karibuni punguza tui kidogo, maana haunywi sana. Funika. Maji yakikaribia kukauka geuza mara moja kwa mwiko, punguza moto, halafu palia: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, dakika 15 hivi. Kwa jiko la gesi weka kikaango cha chapati chini ya sufuria ili moto usichome moja kwa moja, funika kwa foili kisha mfuniko, na moto uwe wa mwisho kabisa. Wali utaiva vizuri, ingawa kwa mkaa wa juu unakauka kwa namna ambayo gesi haijaweza.

Ukoko ubandue ungali moto na uwagawie watoto sawa sawa, la sivyo mtagombana.

Pakulieni kwenye sinia moja kama mko wa nyumba moja. Kachumbari ya kitunguu kilichosuuzwa kwa chumvi, nyanya, ndimu na embe bichi inatosha pembeni. Vichwa vya samaki vipikwe jioni, mchemsho wa ndimu, viazi na karoti.

Chakula cha nazi huchacha upesi kwa joto letu. Kinachobaki kitoe kwenye sufuria mara tu mnapomaliza kula, kikipoa kidogo kiingie kwenye friji, kisilale mezani. Asubuhi wali kiporo upashe kwenye kikaango bila mafuta, yake yanatosha, hadi utoe mvuke mwingi na upate rangi chini, na uule kwa chai ya rangi. Ukinusa ukasikia ukali, mwaga, kisha katafute vitumbua kabla ya saa 2.